Nilimlipia binti yangu kozi ya video likizo ya Aprili: haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na pesa, maana ndizo zilizonikosesha usingizi. Shilingi 12,000 kwa wiki tatu, kishika uchumba 5,000, zilizobaki kabla ya wiki ya pili kwisha. Mimi ni mpika mahamri, Majengo, Mombasa. Hizo ni mahamri elfu moja na mia mbili ya shilingi kumi kumi, na hapo hujatoa unga, nazi, mafuta wala iliki. Tena binti yuko kidato cha tatu, lile kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane, mwaka 2023. Mwakani ni KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kila jirani niliyemgusia alinitazama kama niliyesema nampeleka akajifunze karata. Likizo si ya kusoma hesabu?

Kilichonishinda ni kwamba mtoto alikuwa ameshaanza mwenyewe. Kila arusi ya mtaani alirekodi kwa simu yangu, simu ikajaa, akafuta picha za oda za wateja wangu ili apate nafasi. Nikasema heri nilipie akafundishwe, kuliko kupoteza wateja.

Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina manung'uniko nao na sitaki maneno. Ni ghorofani, hapa hapa kisiwani, wanafunzi kumi na sita wa sekondari, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Waliahidi vitu viwili: kutengeneza video, na kumwandaa mtoto kwa kazi.

Siku tatu za kwanza hakushika kamera, na mimi nikachemka. Nimelipa pesa zote hizo akafundishwe kusikiliza? Maana ndiyo kazi ya nyumbani aliyokuja nayo: kaa mahali, andika kila sauti unayoisikia. Akakaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari mapajani. "Ma, friji inalia." Friji nimeishi nayo miaka tisa, sikuwahi kujua kama inalia. Akaandika friji, feni, tuktuk, mpira wa watoto unaogonga geti, na adhana ya msikiti wa pili inayoanza kabla ya wa kwanza kumaliza. Ukurasa mzima ukajaa. Mimi nilidhani jikoni kwangu kumetulia.

Wiki ya pili alikuja na maiki ya kubana nguoni, akanipiga picha mimi nikipika, ndiyo iliyokuwa kazi yao ya mwisho. Kwanza nizime feni. Aprili, Mombasa, mbele ya karai la mafuta, nizime feni! Nikazima. Kisha nizime friji. Hapo nikagoma, maana nikisahau kuiwasha tui litachacha na samaki atanuka. Akachukua funguo za nyumba akazitia ndani ya friji. Nikamuuliza una wazimu? Akanijibu kwamba hatuwezi kutoka nyumbani bila kuzitafuta, na tukizitafuta tutakumbuka kuwasha. Walifundishwa darasani. Mpaka leo sijaona akili ndogo iliyo kubwa kama ile.

Halafu akataka tunyamaze sote nusu dakika, maiki ikiwa imewashwa, bila kufanya chochote. Ati anarekodi sauti ya chumba. Kila mahali pana kimya chake, anasema, na ukikata maneno wakati wa kuhariri usipojaza na kimya cha pale pale, sikio linaanguka shimoni. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili dada yangu alicheka. Ya tatu tukafaulu, mahamri ya mwanzo yakaungua.

Lakini nilipokuja kuiona ile video, dakika mbili na nusu tu, pale unga unapotumbukia kwenye mafuta, ukazama, ukaibuka unavimba, nilisikia sauti yake kama niko peke yangu alfajiri. Nilipata njaa kwa chakula changu mwenyewe. Kwa hiyo upande wa sauti wanapata alama zote kutoka kwangu. Video nyingi za vijana wetu picha ni safi, sauti ni upepo mtupu.

Upande wa kamera alama zinapungua. Kamera tatu, watoto kumi na sita. Piga hesabu mwenyewe kila mmoja alizishika dakika ngapi. Waliokuwa na sauti kubwa walishika zaidi, na binti yangu si wa kusukumana. Hata hivyo alirudi na mambo ya maana. Kwamba umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hivyo ukirekodi fremu 25 kwa sekunde weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ukumbini zinapiga mistari kwenye picha. Mistari hiyo iko kwenye video ya arusi ya dada yangu. Miaka yote tulidhani ni diski imeharibika. Na kwamba ukitoa kamera kwenye chumba cha eisii ukaingia nayo nje, lenzi inashika ukungu papo hapo, kama chupa ya soda baridi. Kufuta hakusaidii. Iache ndani ya begi nusu saa izoee joto. Kundi moja lilikwenda Mama Ngina jioni, wakaipoteza saa nzuri ya jua wakifuta kioo kwa shati.

Kuhariri walifanya kwa programu ya DaVinci Resolve, ile ya bure, kwenye kompyuta zao. Kompyuta ya kwetu ilijaribu kuifungua ikazimika. Huko nyumbani alimalizia kwa simu, na sikuona tofauti, labda macho yangu.

Siku iliyonifurahisha kusimuliwa ni ya Mji wa Kale. Walitoka asubuhi, wakapita Ngome ya Yesu, wakaingia vichochoroni, wakafika penye wazee na kahawa chungu. Vijana wakainua kamera moja kwa moja. Mzee mmoja akawauliza kama kwao hawafundishwi kubisha hodi, wakafukuzwa. Mwalimu hakuwatetea. Aliwarudisha kesho yake bila kamera hata moja, wakaamkia, wakakaa, wakanywa kahawa na kashata, wakasikiliza habari za majahazi. Siku ya tatu wazee wenyewe ndio waliouliza, "Hiyo mitambo yenu iko wapi?" Kisha ndipo wakafundishwa habari za karatasi: kwamba filamu ya kuonyeshwa watu au kuuzwa inahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, na kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za mtoto hazishughulikiwi bila ridhaa ya mzazi. Mimi mwenyewe nilitia saini fomu yao siku ya kwanza, na niliipenda kwa sababu ilikuwa na kisanduku cha "hapana". Nilikataa video yake yenye uso kuwekwa kwenye matangazo yao, wakaheshimu.

Sasa hii ya kumwandaa kwa kazi. Hapa ndipo nilipoona kitambaa kizuri kilichokatiwa mtu mwingine. Waliwafanyisha mahojiano ya kazi kwa Kiingereza, "unajiona wapi baada ya miaka mitano", na sharti la kumtazama anayekuhoji machoni muda wote. Binti alirudi amechanganyikiwa. Kwetu mtoto akikukodolea unaposema naye, tunasema ana macho makavu. Miaka kumi na sita nimemfundisha kuinamisha macho mbele ya mkubwa, wao wanamwondolea alama kwa hilo. Sisemi asijue. Hotelini atahojiwa hivyo hivyo, na bora azoee. Lakini mngemwambia hii ni lugha ya ofisi na ile ni lugha ya nyumbani, kila moja ina mahali pake. Hakuna aliyemwambia. Nilimwambia mimi, nikikanda unga.

Kilichofaa zaidi ni ankara. Siku nzima waliandika ankara, na si mchezo: jina la mteja, tarehe, kazi gani, itakabidhiwa lini, nusu inalipwa kabla, mabadiliko mara mbili ni bure na ya tatu yanalipiwa. Nimefanya biashara miaka kumi na mbili sijawahi kumwandikia mteja kitu cha aina hiyo. Arusi ya watu mia tatu naipikia kwa neno la mdomo, halafu nusu ya deni nalidai mpaka bwana na bibi arusi wanapata mtoto. Siku hizi oda kubwa anazoniandikia binti zinalipwa nusu mapema. Ile ya video ya mahamri aliniandikia mimi pia, shilingi 1,500 na punguzo la mama. Sijalipa bado.

Alhamisi ya wiki ya tatu akaja mama mmoja anayerekodi kupamba. Asubuhi moja tu alifundisha, na kwangu ndiyo iliyorudisha pesa. Kwa asiyejua mambo yetu: usiku wa kupamba bibi arusi ni wa wanawake watupu, wamevua mabuibui, wamesuka, wamejiremba, na simu mara nyingi zinakusanywa mlangoni. Mwanamume haingii, awe na kamera ya bei gani. Wale vijana wote wenye mashine za kuelea na za kuzunguka wanaishia kwenye geti. Msichana mwenye kamera na ulimi mfupi anapita.

Ulimi mfupi ndio uliokuwa somo lenyewe. Aliwaambia kazi yake ni kutunza siri, picha zinafuata nyuma. Ukifika, uliza kwanza nani hataki kuonekana, umkariri kwa rangi ya dera lake, kisha umwombe akae upande ambao kamera haielekei. Memori kadi unazihesabu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Usiku ule ule moja inabaki mkononi mwa mama wa bibi arusi. Hakuna kipande kwenye stetasi, hata cha mikono yenye hina. Kazi ikishakabidhiwa, unafuta mbele ya mwenyewe na anatia saini. Ikivuja picha moja, alisema, mji huu ni mdogo, hutaitwa tena, wala dada zako hawataitwa.

Binti alirudi kimya siku hiyo. Baada ya Isha ndipo akaniuliza, "Ma, yaani nikinyamaza nalipwa?"

Manung'uniko sasa. Waliahidi wiki mbili za mafunzo kazini kwa kila mwanafunzi baada ya kozi, na ndiyo sababu nusu ya wazazi walilipa. Kozi ikaisha, tukaambiwa tutapigiwa. Mei ikapita. Nilipopiga mimi nikajibiwa kwamba orodha inashughulikiwa. Halafu cheti: hakuna aliyesema mwanzoni kwamba cheti ni shilingi 1,000 zaidi. Nimelipa, kiko kabatini, na hajaulizwa cheti hicho na mtu hata mmoja. Na wale watoto wawili waliokuwa wakivuka feri kutoka Likoni walikatwa alama za kuchelewa kila siku ya foleni. Kufika kwa wakati ni jambo la maana, sikatai, lakini mwalimu anayeishi upande wa huku hajui kuvuka ni nini.

Kazi aliitafuta mwenyewe. Alimwandikia yule mama wa kupamba ujumbe wa mistari minne, salamu, jina, nilikuwa darasani kwako, naweza kubeba taa. Huo ujumbe mfupi aliufundishwa, nawapa haki yao. Jumamosi moja ya Juni akamchukua. Kazi ilikuwa kushika taa na kuchunga kadi, shilingi 2,000, usafiri juu yake mwenye kazi, nami nikakubali kwa sharti arudishwe mpaka mlangoni. Pale kwenye geti la ukumbi bibi mmoja alimzuia. Hakumwuliza atajiona wapi baada ya miaka mitano. Alimwuliza, "We wa nani?"

"Wa mama wa mahamri, Majengo."

"Pita."

Juzi wamenipigia wao, kuna kozi nyingine Agosti, nimlete nani. Kakangu ana mtoto gredi ya 10, mkondo wa sanaa na michezo, anafaa kabisa, na sauti peke yake ningemlipia. Nikawauliza mawili tu: yule mama wa kupamba atafundisha siku ngapi, na ile ahadi ya mafunzo kazini mtaniandikia kwenye karatasi kama ankara, yenye tarehe? Wakasema watanipigia.