Maoni yangu: misimu miwili jukwaani kwenye ligi ya Kupro ya Kaskazini

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nikiulizwa sana na wadogo zetu wanaokuja kusoma huku kwamba hii ligi yao ya mpira ikoje, inafaa kuipa Jumamosi yako au bora ubaki hosteli na simu uangalie Waingereza, na wengine wana swali zito zaidi, wanataka kujua kama wanaweza kuja kucheza. Nimeona niandike yote sehemu moja maana nina misimu miwili naingia viwanjani, Lefkoşa (ndio Nicosia, mji mkuu), Girne, Gazimağusa na vijiji kadhaa ambavyo majina yake mpaka leo siyatamki vizuri.

Jibu la haraka: kama mtazamaji naipa nyota nne kati ya tano na sisiti. Kama unakuja na viatu vyako kutafuta njia ya Ulaya, usije, na huko chini ntaeleza kwa nini.

Kwanza ujue unaingia wapi. Kisiwa kimekatika vipande viwili tangu 1974, kusini ni Jamhuri ya Kupro ambayo dunia inaitambua, kaskazini walijitangazia nchi yao Novemba 1983 na inatambuliwa na Uturuki peke yake. Chama chao cha mpira, KTFF, kina umri mkubwa kuliko hiyo nchi yenyewe, kilianzishwa 1955 Mwingereza akiwa bado anatawala, baada ya timu za Waturuki wa kisiwani kujitoa kwenye ligi ya pamoja. Na msidhani walijitoa kwa sababu walikuwa vibonde, Çetinkaya ya Lefkoşa ilikuwa imeshabeba ubingwa wa kisiwa kizima msimu wa 1950/51. Sasa KTFF haiko FIFA wala UEFA, kwa hiyo bingwa wa huku akishanyanyua kombe lake anaenda nalo nyumbani basi, hakuna Ligi ya Mabingwa, hakuna hata ile raundi ya mwanzo kabisa ya mwezi wa saba. Wakati huohuo ndani ya jiji hilohilo la Lefkoşa, ukivuka tu mstari kwenda kusini, kuna APOEL ambayo mwaka 2012 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ikakutana na Real Madrid. Hebu fikiria uko mtaa wa pili unasikia hizo kelele na wewe huruhusiwi hata kujaribu. Kirafiki nayo ni shida, 2007 Luton Town ya Uingereza ilipanga kucheza na Çetinkaya na mechi ikafutwa baada ya shinikizo.

Mimi nilikuja nikidhani ligi ya namna hiyo itakuwa imelala, watu wanacheza ilimradi. Nimekuta kinyume. Kwa kuwa hakuna kitu kingine mbele, hii ligi ndio kila kitu kwao, mechi ya timu mbili za katikati ya msimamo utaona mtu mzima na mvi zake anasimama anashika kichwa kwa ajili ya kona tu.

Uwanja ninaoupenda kuliko yote ni wa Girne. Unaitwa 20 Temmuz Mete Adanır na jina lenyewe ni somo. Tarehe 20 Julai ndio siku jeshi la Uturuki lilishuka pwani ya hukohuko Girne mwaka 1974, watu wa kaskazini wanaisherehekea, wa kusini ni siku ya msiba. Na Mete Adanır alikuwa mchezaji, mtoto wa kisiwani aliyeenda kucheza Uturuki na kufariki Januari 1989 kwenye ile ajali ya basi la Samsunspor. Kwa hiyo ukikaa pale umekaa chini ya vita na chini ya kijana wa mpira kwa pamoja. Milima iko nyuma imesimama kabisa, ukigeuka upande wa pili upepo unatoka baharini, na mpira wa juu kipindi cha pili unaona kabisa unavyopinda, makipa wanateseka sana.

Siku moja nimekaa pembeni ya mzee mmoja, ana mfuko wake wa mbegu za alizeti, huku mpira bila mbegu za alizeti hauangaliwi, chini ya viti baada ya mechi ni zulia la maganda. Mimi Kituruki changu ni cha darasani lakini kinatosha, nikamwamkia, amca, kama anavyoitwa mtu wa makamo ya baba mdogo, akanimiminia mbegu kiganjani bila kuuliza. Timu yake ni Doğan Türk Birliği. Nikamuuliza wewe mtu wa hapahapa Girne? Akasema hapana oğlum, mwanangu, sisi ni watu wa Limasol, na timu nayo ni ya Limasol. Limasol iko kusini. Yaani watu walivyohama baada ya 1974 walihama na timu yao. Akanihesabia na nyingine, Baf Ülkü Yurdu ya Güzelyurt imetoka Baf, hiyo nayo kusini. Na kwa wenzao ni vilevile, Anorthosis ni timu ya Famagusta, huku tunaita Gazimağusa, leo iko Larnaca, kusini. Kisiwa kizima kimejaa timu zinazocheza mbali na jina lao. Yule mzee alivyokuwa anasema Limasol alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mpira, na mkono wake unaendelea kumenya mbegu kana kwamba anaongelea mtaa wa jirani. Tangu siku ile timu ikiwa na jina la mji wa kusini nasimama nayo, sijui kwa nini, nasimama nayo tu.

Tuje kwenye huduma maana ndio mnataka. Tiketi ni bei ndogo, mimi kila nilipolipa ilikuwa chini ya sahani ya mlo wa mgahawani, beba lira taslimu kwa sababu vijijini mashine ya kadi usiitegemee. Chakula nje ya uwanja ni kizuri, mkate na jibini ya hellim iliyochomwa mpaka imeweka mistari ya mkaa, na kuna şeftali kebabı, ile nyama ya kusaga inayofungwa kwenye utando wa mafuta. Usalama sijawahi kuona tatizo, matusi yapo ya refa kama kila mahali, na wageni wanapokelewa vizuri, mtoto ataomba picha na wewe basi.

Nyota niliyoinyima ni ya taarifa na usafiri. Ratiba inabadilika na tangazo linatoka kwa Kituruki peke yake, nilishawahi kufika uwanja mmoja wa kijijini nikakuta geti limefungwa, mechi imesogezwa kesho yake, na mabasi madogo ya kurudi mjini yanakata mapema sana. Nilitembea barabarani karibu saa nzima mpaka mwanamama mmoja akanipa lifti. Choo cha huo uwanja nacho siwezi kukisifia. Kwa hiyo uliza mtu wa huko asubuhi ya mechi, na nendeni wawili watatu mchangie teksi.

Kiwango cha mpira? Cha kawaida lakini kina mkono wa kueleweka. Wanacheza kwa nguvu, mipira ya kutengwa wanaifanyia mazoezi kweli, spidi ndio inapungua kuanzia dakika ya sabini. Utaona na Waafrika wengi, hasa wa Magharibi, wengine ni moto kabisa.

Na hapa kuna kitu cha kwetu. Mwaka 2006 kule Hamburg kulikuwa na mashindano ya timu zisizo wanachama wa FIFA, FIFI Wild Cup, fainali ilikuwa Kupro ya Kaskazini na Zanzibar! Wakaifunga Zanzibar kwa penalti. Nimemwambia yule mzee wa mbegu akanikumbatia, akasema basi sisi ni ndugu, wote tuko nje ya mlango. Na kweli, Zanzibar iliingizwa CAF Machi 2017 na Julai mwaka huohuo ikatolewa. Penalti zenyewe zimewarudia hawa wa Kupro ya Kaskazini baadaye, fainali ya Ulaya ya CONIFA, chama cha timu zilizo nje ya FIFA, 2017 waliandaa wao wenyewe wakapoteza kwa penalti mbele ya Padania, timu ya kaskazini mwa Italia, na Kombe la Dunia la CONIFA 2018 kule London, ambalo mwenyeji wake alikuwa Barawa, watu wa pwani ya Somalia wenye lugha ya damu moja na Kiswahili, wakafika tena fainali na tena penalti, safari hii mbele ya Kárpátalja, timu ya Wahungari wa magharibi mwa Ukraine.

Sasa wadogo zangu mnaotaka kuja kucheza, someni hapa taratibu. Kwa kuwa KTFF haiko FIFA, ule utaratibu wa kawaida wa hati ya uhamisho ya kimataifa haufanyi kazi huku. Klabu isipokulipa huna FIFA ya kuikimbilia. Magoli yako ishirini hayaingii kwenye mfumo wowote ambao timu ya Ubelgiji itaufungua. Ninamfahamu kijana, winga mzuri sana wa kushoto, wakala alichukua hela ya familia yake akamwambia anaenda majaribio Ulaya, akapitishwa Istanbul akashushwa uwanja wa ndege wa Ercan, huku kaskazini, na karatasi za usajili wa chuo. Mwaka 2013 mwezi Novemba marais wa vyama viwili vya kisiwa walisaini makubaliano Zurich, Blatter, rais wa FIFA wakati huo, akiwepo, timu za kaskazini ziingie chini ya chama cha kusini na mlango ufunguke, lakini hayajatekelezwa. Kwa hiyo wakala akikwambia Kupro, muulize mji gani na uwanja gani wa ndege, akitaja Ercan muulize hati ya uhamisho inatoka chama gani. Akianza kuzungukazunguka mrudishie maneno yake na usitoe hata senti.

Yule kijana amebaki, anamalizia diploma yake, Jumapili anachezea timu ya kijiji daraja la chini. Wiki iliyopita nilienda kumwangalia. Alikokota mpira kutoka katikati ya uwanja, akawapita wawili, krosi yake ikapita goli lote bila mtu kugusa, na kina mama waliokuwa ukutani na chai zao wakapiga makofi na kumwita kwa jina.