Wiki 10 kwenye programu ya afya ya chuo: uzoefu wangu, yaliyonisaidia na yaliyoniudhi

Jamani nimemaliza wiki zote 10 za programu ya afya na ustawi hapa chuoni, na kwa kuwa watu wananiuliza kila siku kama inafaa au ni kupoteza muda, ngoja niandike yote kwa mkupuo, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie. Mi niko mwaka wa tatu, masomo yenye maabara nyingi, na sikujiunga kwa sababu napenda mazoezi, nilijiunga kwa sababu karibu mwezi mzima nilikuwa silali. Naingia kitandani saa saba usiku, nageuka huku nageuka kule mpaka saa kumi, afu kipindi cha saa mbili asubuhi nakaa tu, mwili upo darasani akili haipo. Nilishaanza kusahau hata majina ya watu ninaokaa nao meza moja. Hapo ndo nikaona hapana, hii sio uchovu wa kawaida.

Siku ya kwanza walitupa karatasi yenye duara limegawanywa vipande sita, wakasema paka penseli kila kipande kadri unavyojiona uko vizuri. Mgawanyo huo una historia yake, ulitoka chuo kikuu pia, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Bill Hettler wa Wisconsin-Stevens Point ndo aliupanga mwaka 1976: mwili, hisia, akili, watu unaoishi nao, roho, na kazi. Nikapaka changu. Cha akili kilijaa karibu chote, cha kazi nusu, vingine vinne nimeweka kamstari tu chini, kisha nikaiangalia ile karatasi muda mrefu maana sikuwahi kujiona hivo. Jirani yangu alikuwa amejaza cha watu na cha roho vizuri kabisa na cha akili akakiacha cheupe, akaniambia amefeli masomo mawili na hajamwambia mtu yeyote nyumbani. Tumekutana dakika kumi nyuma. Kwa hiyo hata kama mtahudhuria siku moja tu, hudhurieni hiyo ya duara.

Baada ya hapo kila wiki kulikuwa na matembezi ya asubuhi, yoga, kikao cha pumzi na kutulia, darasa la usingizi, na duara la mazungumzo, na kila mwezi banda la vipimo. Huhitaji kwenda vyote. Mi nilijaribu vyote kisha nikabaki na vitatu.

Matembezi ni mazuri, sina mengi ya kusema. Nusu saa, mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea ila huwezi kuimba, siku tano kwa wiki, ukijumlisha unapata dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndo kiwango cha chini kwa mtu mzima. Wanaongeza na siku mbili za kukaza misuli, hizo nilizikwepa mpaka wiki ya saba. Kilichonivuta sana ni kwamba kwenye matembezi hakuna mwanafunzi wala profesa, mko njiani tu mnapumua, na nimeongea na mkutubi ambaye kwa miaka yote mitatu nilikuwa namsalimia tu na kupokea kitabu.

Yoga sikuifurahia. Ukumbi mdogo, watu wengi, mkufunzi anaenda mbio, anasema nyosha huku mwingine bado hajashuka. Mwenye shida ya goti au mgongo asiende kabla hajaongea na mkufunzi pembeni, maana hawakutuuliza kama kuna mwenye maumivu mpaka wiki ya tatu, na hilo ni kosa.

Banda la vipimo nataka nilisemee kidogo kwa sababu nilitoka pale na hofu ya bure. Nimefika mbio kutoka maabara, nimetoka kunywa kahawa, nikakaa kwenye kiti kirefu miguu inaning'inia, nikawa naongea na rafiki yangu huku wananipima presha, ikasoma 142 juu, 91 chini. Moyo ukanipiga paa. Bahati nzuri akaja muuguzi mwingine, mtu mzima, akasema mwanangu hebu njoo kaa hapa, akaniweka kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akaniambia nisiongee, akaniacha dakika tano nzima kisha akapima mara mbili. 121 kwa 78. Akanieleza kahawa, mwendo, maongezi na mkono unaoning'inia vyote vinapandisha, na kwamba kipimo kimoja cha haraka hakitoshi kumwambia mtu ana presha. Sasa wangapi walipimwa kabla yangu na wakaondoka na ile namba ya kwanza? Nimeandika hilo kwenye fomu ya maoni kwa herufi kubwa.

Kikao cha pumzi na kutulia kinafuata mtindo uliotengenezwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts, ule wenyewe huwa ni wa wiki 8, wa kwetu walifupisha. Unalala chali kwenye mkeka, unapeleka mawazo kwenye vidole vya mguu, unapanda taratibu mpaka utosini, mawazo yakikimbia unayarudisha bila kujigombeza. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, wiki ya tatu nikagundua kwamba taya langu huwa nimelikaza siku nzima, yaani nabana meno nikiwa nasoma, natembea, hata nikiwa nasubiri tu foleni. Kile kichwa kilichokuwa kinaniuma kila jioni kilipungua baada ya kulijua hilo.

Lakini kuna jambo liliwahi kutokea pale. Wiki ya nne dada mmoja nyuma yangu akaanza kupumua kwa nguvu kisha kulia. Sote tumefumba macho, mtu hajui afanye nini. Mwongozaji hakupaniki, alimsogelea, akapiga magoti kwa mbali kidogo bila kumgusa, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, fungua macho dada yangu, kaa, weka nyayo sakafuni, nitajie vitu vitano unavyoviona humu. Yule dada akaanza, dirisha, viatu, feni... alipofika cha tano pumzi ilikuwa imeshuka. Mwongozaji akatugeukia wote akasema kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia jambo zito, kufumba macho na kukaa kimya na mwili wako kunaweza kuamsha kumbukumbu, kwa hiyo ni ruhusa kufungua macho, ni ruhusa kutoka, na siyo udhaifu. Nikamheshimu sana. Ila hayo maneno yangetakiwa kusemwa siku ya kwanza, kabla ya mtu kulia.

Sasa darasa la usingizi, ambalo kwangu ndilo lililobeba programu nzima. Hawakutupa dawa wala chai ya kulalia, walitupa daftari. Kila asubuhi unaandika uliingia kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulinywa kahawa saa ngapi. Wiki moja tu ya kuandika, bila kubadilisha kitu, nikaona aibu yangu yote imeandikwa: kahawa ya mwisho saa kumi na mbili jioni, usingizi wa mchana saa mbili nzima, na Jumamosi naamka saa sita mchana. Mwalimu akaeleza kitu ambacho hakijanitoka tena, kwamba usingizi una njaa yake, kadri unavyokaa macho ndivyo njaa inavyopanda, ukilala masaa mawili alasiri umeshakula, usishangae usiku huna hamu. Na kahawa, nusu yake bado iko mwilini baada ya kama masaa matano, wengine zaidi, kwa hiyo ile ya saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku bado nusu inanizungukia kwenye damu.

Masharti aliyotupa ni machache ila yanauma. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, hata wikiendi. Kitanda ni cha kulala tu, laptopu na notisi zitoke. Na ukiona umekaa kitandani kama dakika 20 usingizi hauji, usipigane nao, inuka, kaa sehemu nyingine yenye mwanga hafifu ufanye jambo la kutuliza, rudi ukisinzia. Hilo la kuinuka nililichukia mno. Usiku wa kwanza niliinuka mara tatu, nimekaa kwenye ngazi za hosteli na shuka begani. Wiki ya kwanza nilikuwa hoi kuliko nilivyoanza. Wiki ya tatu, daftari linaonyesha, nililala ndani ya kama dakika 25 siku tano kati ya saba, na nikaanza kuamka kabla ya alamu. Hivo mkijaribu msikate tamaa ile wiki ya kwanza, ndo ngumu kuliko zote.

Kwenye hilo darasa alikuwepo mlinzi wa geti, mzee wa makamo, alikuwa anakaa kiti cha mwisho na koti lake la kazi. Wiki ya pili akanyoosha mkono, "Mwalimu samahani, haya yote mnasema kwa mtu anayelala usiku. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, jua limetoka, watoto wanaamka. Mimi nifanyeje?" Ukumbi kimya. Hakuna aliyemfikiria, hata karatasi zote walizotugawia ziliandikwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu akamjibu, "Baba umenikumbusha jambo nililolisahau," akafunga zile slaidi zake na kipindi kizima kilichobaki akakitumia kwa watu wa zamu. Kahawa mwanzo wa zamu na sio mwishoni, miwani ya jua njiani kurudi nyumbani ili mwanga usiuambie mwili kumekucha, chumba kizibwe kiwe giza kweli, kausingizi kafupi kabla ya kuingia kazini, na watu wa nyumbani waambiwe kwamba saa tatu asubuhi kwake ni usiku wa manane. Mzee alikuwa anaandika nyuma ya ratiba yake ya lindo. Wiki mbili baadaye nimempita getini akaniita, "Mwanangu, nimetundika blanketi dirishani, jana nimelala masaa sita." Alisema kwa furaha kweli, na mimi nilifurahi kama nimelala mimi. Kama wanaiita programu ya jumuiya nzima ya chuo basi wasafishaji, walinzi na wapishi wawekewe vipindi vyao vya saa wanazoweza kuja, wasisubiri mtu anyooshe mkono.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni washauri nasaha. Kila kikao mnaambiwa ukizidiwa nenda kwa mshauri, nenda kwa mshauri, yule dada wa mkekani akaenda, akapewa siku ya wiki tatu mbele. Wiki tatu! Unamfungua mtu kidonda kisha unamwambia bandeji inakuja mwezi ujao. Nimeandika na hilo kwenye fomu, na nitaliandika tena.

Afu kuna hili la dedlaini. Mnajua kuna tamko la kimataifa la vyuo vinavyolinda afya, la Okanagan, lilitolewa Kanada mwaka 2015, mwalimu wa usingizi alituonyesha, linataka afya iingie kwenye kila kitu chuo kinachofanya, sera, majengo, masomo, sio vikao vya pembeni tu. Sasa sisi kazi karibu zote zinakusanywa saa tano na dakika 59 usiku. Darasa la usingizi linakwambia zima laptopu mapema, mfumo wa chuo unakwambia kaa nayo mpaka saa sita. Tuliangalia madaftari yetu ya usingizi pale darasani, watu kumi na kitu, na usiku mbovu kuliko zote ulikuwa uleule kwetu karibu wote, Jumapili, kwa sababu ya kozi moja yenye kazi ya kila wiki. Tukakubaliana tumwandikie mhadhiri. Barua fupi, yenye heshima, tukaambatanisha kurasa za madaftari bila majina. Alijibu siku ya pili kwamba ile saa ilikuwa imewekwa na mfumo wenyewe na yeye hakuwahi kuifikiria, akaihamishia saa kumi na moja jioni.

Jumapili iliyofuata nilituma kazi yangu saa kumi na nusu, nikafunga laptopu, nikaenda kutembea na wale wa matembezi ingawa haikuwa siku yetu. Daftari la siku hiyo limeandikwa: kitandani saa nne na nusu, usingizi umenichukua kama saa tano kasoro usiku, sikuamka.