Tangi kubwa la samaki wa Amerika Kusini: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Tangi langu kubwa la kwanza lilinivutia kwa kimo. Sentimita 75 kwenda juu, upana 40 tu, na pale dukani likiwa limewashwa taa lilionekana kama kipande cha mto kilichosimamishwa wima. Nyumbani likawa adhabu. Kila nilipotaka kufyonza uchafu wa chini nilipanda stuli na kuzamisha mkono hadi kwapani, huku samaki wakigombania kona moja siku nzima. Samaki mwenye wivu wa eneo hupima himaya yake kwa sakafu, na wale wa makundi wanataka urefu wa kukimbia. Kimo wanakifurahia zaidi wageni wa sebuleni. Mwaka mmoja baadaye nililiuza kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana naanza na swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi: unataka kufuga nani? Diskasi wa maji ya moto, samaki-malaika na majirani zake wapole, au oska mwenye kula kila kinachoingia mdomoni? Jibu ndilo linaloamua kioo, filta, hita, hata mchanga.

Tangi lenyewe

Nafasi ya kwanza naipa kioo cha sentimita 150 kwa 60 kwa 50, yaani urefu, upana na kimo. Hizo ni lita 450 kabla hujaweka mchanga na magogo. Utamu wake uko kwenye ule upana wa 60. Gogo kubwa linakaa kwa mshazari na kuwaficha wanyonge wasionekane na mbabe, kundi la Geophagus, samaki wachimba mchanga, linapata uwanja wa kuchimba, na malaika aliyekomaa anageuka bila kupapasa kioo. Mkono pia unafika chini bila stuli.

La pili ni 120 kwa 50 kwa 50, lita 300. Hili ndilo chaguo la mwenye nafasi ndogo, na linawatosha malaika wachache pamoja na kundi la kadinali, wale samaki wadogo wembamba. Oska mmoja anaweza kuishi humo, lakini akishapita sentimita 30 utaanza kumwonea huruma.

La tatu, 180 kwa 60 kwa 60, lina lita 648. Kwa samaki wenyewe hili ndilo bora kuliko yote. Nimelishusha kwa sababu ya binadamu. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki unamwaga na kujaza lita 160 hivi, na kabla ya hapo lazima lipite mlangoni. Pima milango na kona za ngazi kabla ya kulipa, usije ukaliacha uani.

Akriliki, yaani plastiki ngumu ing'aayo, ni nyepesi kuliko kioo na hutunza joto vizuri zaidi, ila chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye sponji ya kusafishia huacha mkwaruzo utakaoutazama kila siku. Mkiani kabisa naweka matangi ya mviringo, ya pembetatu na yale ya kimo kirefu kama langu la kwanza.

Usidharau uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile la lita 450, ukijumlisha kioo, mchanga na meza yake, linazidi kilo 600. Meza iwe ya kazi hiyo, siyo kabati la televisheni, na ipimwe kwa pima maji pande zote mbili. Tangi lisilo na fremu huwekewa tabaka la povu chini ili mzigo usigandamize sehemu moja. Lenye fremu ya plastiki hukalia fremu yake. Ukinunua lililotumika, lijaze maji nje, uliache siku nzima, na upitishe kidole kwenye silikoni. Silikoni iliyoanza kubanduka haifichiki.

Filta: hapa usibane mkono

Samaki hutoa amonia, na amonia huua. Bakteria wanaokaa ndani ya filta huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kwa hiyo unaponunua filta unanunua nyumba ya bakteria. Pampu ni ya kuwasukumia chakula tu. Linganisha ujazo wa kopo na vichujio vyake kwanza, namba ya lita kwa saa baadaye. Namba hiyo huandikwa filta ikiwa tupu, na ikishajaa vichujio na uchafu hushuka.

Chaguo langu la kwanza ni filta ya kopo inayokaa nje, chini ya meza. Eheim, Fluval na Oase wote wanazitengeneza. Tafuta yenye kichujio cha awali kinachochomoka peke yake, kama zile za BioMaster za Oase, kwa sababu utakiosha mara nyingi bila kuwasumbua bakteria walioko ndani. Kwa tangi la lita 450 napendelea mbili za wastani kuliko moja kubwa. Moja ikizimika usiku, nyingine inawaokoa.

Sampu, yaani tangi la pili lililofichwa chini, ndiyo mfalme wa matangi ya lita 600 na zaidi. Inaficha hita na mabomba yote, inaongeza ujazo wa maji, na inameza uchafu wa oska bila kulalamika. Ubaya wake ni mabomba: yakikosewa, umeme ukikatika maji ya juu yanaweza kuishia sakafuni. Ukiichagua, zima pampu mchana ukiwepo, uone maji yanaishia wapi.

Filta ya sponji inayosukumwa na hewa ni ya bei ndogo, na peke yake haitoshi tangi kubwa lenye samaki wakubwa. Nunua moja hata hivyo, na pampu ya hewa ya betri ya kuiendesha umeme ukipotea. Zile ndogo za kuning'iniza mgongoni mwa kioo ziache kwa matangi madogo.

Joto, mchanga, mwanga

Hesabu ya kawaida ya hita ni karibu wati moja kwa lita, pungufu kidogo kama chumba hakina baridi. Usinunue moja ya wati 400. Nunua mbili za 200. Niliwahi kupoteza kundi zima la kadinali baada ya thamostati kuganda ikiwa imewaka. Hita yenye nusu ya nguvu ikiganda hivyo, maji hupanda polepole na unaweza kuwahi, mradi una kipimajoto cha pekee usichokiweka karibu nayo. Malaika na oska wanataka nyuzi 25 hadi 28, diskasi 28 hadi 30.

Chini weka mchanga laini. Geophagus huujaza mdomoni, huchuja chakula na kuutoa kwenye matamvua. Kambale wadogo wa Corydoras huchokoa kwa sharubu, na changarawe kali huwaumiza. Ongeza magogo na majani makavu ya mkungu, yanayoyapa maji rangi ya chai kama ya mto Rio Negro. Taa? Hafifu inatosha. Taa kali ni pesa ya mimea.

Maji na subira

Kabla ya samaki, nunua vipimo vya maji vya matone. Vya karatasi ni vya kukisia. Nunua pia dawa ya kuondoa klorini. Mashine ya kuchuja maji kwa osmosisi inafaa kama maji yako ni magumu, yaani yenye madini mengi, na unataka diskasi waliovuliwa mtoni. Diskasi waliozaliwa vizimbani huvumilia maji magumu kiasi, basi okoa pesa hiyo.

Endesha tangi bila samaki wiki nne hadi sita, ukilitilia amonia kidogo kidogo, mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri.

Nani aingie

Kwa tangi la kwanza nachagua malaika sita wadogo, kadinali 40 na Corydoras 10. Waingize kadinali kwanza, wakue. Malaika mkubwa akikuta kadinali wembamba anaona chakula. Kadinali wengi wa porini hutoka maeneo ya Barcelos huko Brazili, ambako uvuvi wao huzipa familia za mtoni sababu ya kuutunza msitu, kwa hiyo sioni aibu kuwanunua.

Nafasi ya pili ni Geophagus sita hadi wanane. Ya tatu ni diskasi, warembo lakini wagumu, na joto lao linakubana: kati ya Corydoras, chukua sterbai, anayelistahimili. Oska namweka wa nne. Ana akili, atakujua usoni, na atang'oa kila ulichopanda.

Kambale mkia-mwekundu usimguse kabisa. Dukani ana ukubwa wa kidole, mtoni hupita mita moja, na ile hadithi kwamba samaki hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi ni ya kuuzia tu. Mwenzake ni yule kambale mnyonyaji wa kawaida unayepewa "akusafishie kioo": anaweza kupita sentimita 40 na kuchafua kuliko anavyosafisha. Omba Ancistrus badala yake. Huishia sentimita 12 hadi 15, na usiku kucha utamsikia akikwangua gogo.