Pawatila ya kukodi kwa bustani ya mboga wakati wa mvua, Hombolo

Nina shamba la ekari moja Hombolo, mkoani Dodoma. Upande wa juu ni udongo mwekundu wa kichanga, na upande wa bondeni ni ule mweusi wa mbuga unaonata miguuni. Mwaka huu, katikati ya Januari, mvua zikiwa zimekolea, nilikodi pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, kuliandaa kwa ajili ya nyanya, hoho na mchicha, na naandika tathmini hii kwa wenzangu wanaosita kati ya pawatila na trekta.

Msimu uliopita nilichukua trekta lenye jembe la sahani. Dereva alikuwa na foleni ya wateja, akaingia shambani asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha na kumaliza kwa muda mfupi sana. Jua lilipowaka siku nne mfululizo, bondeni kukawa na mabonge magumu ambayo vibarua walishinda wakiyagonga kwa majembe. Pale magurudumu yalipopita maji yalituama msimu mzima, kwa kuwa udongo unaoshindiliwa ukiwa umelowa hufunga matundu yake, maji yakashindwa kuzama na mizizi ikashindwa kupenya. Nyanya za mistari hiyo zilinyauka kabla ya kutoa maua.

Kijana mwenye pawatila alifika siku tuliyopatana, lakini hakuwasha mashine. Alichimba kwa panga hadi kina cha shubiri moja, akachukua udongo, akaufinyanga kama tonge la ugali na kulibonyeza kwa kidole gumba. Tonge lilibonyea bila kuvunjika. Akaniambia, "Mama, bado haujakubali. Tukiingia leo utakuwa umenilipa nikufyatulie matofali." Alilima upande wa juu tu, ambako tonge lilipukutika, na wa bondeni akaurudia baada ya siku tatu za jua bila kunidai nauli ya pili. Kwangu mimi uamuzi huo peke yake unatosha kuipa huduma hii alama za juu, kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, tena mara nyingi hukatika Februari, na kila mkulima anamharakisha mwenye mashine. Anayekubali kuahirisha kazi yake kwa faida ya shamba la mwenzake anastahili kutajwa kwa wema.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Pawatila ni nyepesi kuliko trekta, hivyo haikuacha makorongo, na visu vyake vilichanganya vizuri samadi iliyooza niliyokuwa nimeitandaza. Hata hivyo, msiruhusu ipite mara mbili kwenye udongo mwekundu. Pembe moja iliyorudiwa ilisagika ikawa kama unga, na mvua iliyofuata iliipiga ikafanya ukoko mgumu juu, mchicha ukachelewa kuchomoza hadi nilipouparua kwa reki. Sehemu iliyopitiwa mara moja, yenye vibonge vya ukubwa wa punje za mahindi, haikupata shida hiyo.

Kasoro nyingine ni matuta. Ili iwe rahisi kugeuza mashine, alianza kuyachora yote kufuata mteremko, jambo ambalo upande wa juu lingefanya maji yakimbie na rutuba yangu. Nilimsimamisha, akayakata kukingama mteremko bila ubishi. Bondeni tulifanya kinyume: matuta ya upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 25 hivi, yenye mifereji ya kutoa maji taratibu, maana hoho hazivumilii kusimama majini. Kuyainua hadi kimo hicho kulihitaji vibarua wawili kwa siku nzima, nao niliwalipa mwenyewe, kwa sababu mashine yake haina kifaa cha kuinulia matuta.

Nililipa shilingi 60,000 kwa ekari, mafuta yakiwa ndani yake. Trekta lilinigharimu zaidi kidogo, ukiacha siku za vibarua wa kuvunja mabonge. Ila kwa shamba ambalo halijawahi kulimwa, au lenye tabaka gumu chini, pawatila haitoshi, kwa kuwa visu vyake havizami kwa kina. Hapo ni afadhali kukodi trekta mwezi wa Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa bado kavu, kisha pawatila ije kulainisha baada ya mvua za kwanza.