Opinel Namba 8: kisu cha kukunja kinachofunguka kwa kiasi kinachotosha

Wanunuzi wengi wa kisu cha kukunja hukipima kwa ukali wa bapa na uzuri wa mpini, ilhali sehemu inayoamua kama kisu kitadumu ni ile isiyoonekana kwa urahisi, yaani kiungo ambapo bapa hukutana na mpini. Humo ndimo hujificha maji ya embe, magamba ya samaki, mchanga, nyuzi za mfuko wa suruali na, kwa sisi tunaoishi pwani, chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Kwa sababu hiyo tathmini hii ya Opinel Namba 8 itakaa zaidi kwenye swali moja: je, mwenye kisu anaweza kufika kwenye kiungo hicho, akakisafisha na kukirudisha katika hali yake, bila kukiharibu kisu chenyewe? Kwa maoni yangu anaweza, na hahitaji kukifumua kisu chote ili afanye hivyo.

Opinel ni kisu cha wakulima wa milimani. Kilibuniwa mwaka 1890 na Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi, katika eneo la Savoie nchini Ufaransa, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, na mpaka leo umbo lake limebadilika kidogo sana. Namba 8 ndiyo inayojulikana zaidi. Bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5, na mpini wake ni kipande kimoja cha mti wa mbuki (kwa Kiingereza, beech) kilichopasuliwa mfereji wa kulaza bapa. Hakina springi wala skrubu. Sehemu zake ni tano tu: bapa, mpini, kola ya chuma iliyobana kichwa cha mpini, ribiti ambayo bapa huzungukia, na pete ya nje inayozungushwa kwa kidole ili bapa lisijifunge ghafla juu ya vidole vya mtumiaji. Pete hiyo, ambayo kampuni huiita Virobloc, ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955, na katika matoleo ya sasa hulizuia bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa pia.

Ni pete hiyo inayofanya usafi uwezekane, kwa kuwa haikuchomelewa wala kugongewa ribiti. Imeshikwa na mkazo wake yenyewe tu. Ina pengo upande mmoja, nayo imekaa kwenye mfuo mwembamba uliochongwa kuizunguka kola. Zana inayofaa ni koleo lenye ncha nyembamba linalotanuka linapobanwa, lile ambalo mafundi wa magari na pikipiki hulitumia kutolea pete zinazoshikilia beringi. Kabla ya yote, yafunike makali kwa tabaka kadhaa za karatasi nzito na kuzifunga kwa gundi ya utepe, kwa kuwa koleo likiteleza mkono huenda moja kwa moja kwenye bapa. Kisha zungusha pete mpaka pengo lake lilingane na mfereji wa mpini, ingiza ncha za koleo kwenye pengo hilo, tanua kidogo kidogo mpaka pete iachie mfuo wake, na uivute taratibu kuelekea juu. Neno la msingi hapa ni kidogo kidogo. Pete iliyotanuliwa kupita kiasi hupoteza mkazo wake, na ikirudishwa huzunguka ovyo na haiwezi tena kuaminiwa kulizuia bapa. Ikitokea hivyo, inaweza kubanwa tena kwa koleo la kawaida lililofungwa kitambaa, lakini ni afadhali isifike huko.

Kinachoonekana chini ya pete humshangaza mtu ambaye hajawahi kuitoa. Hata kisu kinachofutwa kila siku huwa na utando wa mafuta yaliyochanganyika na vumbi, na pwani huongezeka mstari wa kutu kwenye ukingo ambako pete husuguana na kola. Uchafu huo ndio unaofanya pete iwe nzito kuzungusha, na mtumiaji asiyejua chanzo chake hulaumu kisu au huanza kuizungusha pete kwa meno, jambo ambalo ni hatari sana. Mswaki mkuukuu, kijiti cha meno na kipande cha pamba vinatosha kwa kazi hii. Utando mkaidi huyeyuka kwa spiriti kidogo, ila spiriti hiyo isiguse uso wa nje wa mpini, kwa sababu umepakwa vanishi ambayo inaweza kubabuka.

Ribiti ni habari nyingine. Imepondwa ncha zote mbili juu ya kola, na kuitoa maana yake ni kuisaga ncha moja kwa tupa na kuisukuma nje, kisha kutafuta ribiti nyingine na kuiponda upya kwa nyundo. Wapo wapenzi wa visu wanaofanya hivyo wanapotaka kubadilisha mpini, na ni kazi ya heshima, lakini kwa usafi wa kawaida haina faida yoyote. Pete ikishatolewa, bapa huweza kufunguliwa na kufungwa polepole huku pamba iliyolowa spiriti ikipitishwa pande zake zote mbili ndani ya mfereji, na uchafu ulio karibu na ribiti hutoka wenyewe. Visu vya kisasa vyenye skrubu ndogo za Torx, yaani zenye tundu la umbo la nyota kichwani, hufunguka mpaka kipande cha mwisho, na hilo huonekana kuwa faida kubwa. Hata hivyo skrubu hizo huharibika vichwa kwa bisibisi isiyo ya kipimo chake, vyuma vyake vidogo vya kuzungukia hupotea chini ya meza, na baadhi ya watengenezaji huhesabu kukifungua kisu kuwa ni kuvunja udhamini. Kati ya mbinu hizo mbili, naipenda zaidi ya Opinel, inayomfungulia mwenye kisu mlango mmoja tu, tena ule unaofika mahali panapochafuka.

Kuhusu mafuta ya kiungo, msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa kisu hiki hukata chakula. Mafuta ya alizeti na mengine ya kupikia hugeuka kuwa gundi baada ya muda na hurudisha tatizo lilelile lililoondolewa. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa chuma, lakini hayakutengenezwa ili yaliwe. Yanayofaa ni mafuta meupe ya madini yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kulainisha choo, ambayo hayana harufu na hayaozi. Tone moja kila upande wa bapa, karibu na ribiti, linatosha, na ziada ifutwe.

Udhaifu wa kweli wa kisu hiki kwa mtu wa pwani uko kwenye mbao. Mbuki hunyonya unyevu, na wakati wa masika mpini huvimba kiasi kwamba mfereji hulibana bapa na kisu hukataa kufunguka. Watu wa Savoie wana dawa yao ya asili: pete ikiwa imefunguliwa, hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na bapa huchomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini hutibu dalili tu. Tiba ya kudumu ni kusugua kidogo kuta za mfereji kwa msasa laini ulioviringishwa kwenye kibamba chembamba, kisha kuzipaka mafuta ya kitani mbao zilizobaki wazi ndani ya mfereji na karibu na kola, mahali ambapo vanishi haikufika, na kuzipaka tena baada ya tabaka la kwanza kukauka. Kitambaa kilichotumika kupakia mafuta hayo kisikunjwe na kuachwa kabatini, kwa kuwa mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandazwe nje mpaka kikauke kabisa. Kwa mantiki hiyohiyo, kisu hiki kisilowekwe kwenye beseni la vyombo wala kuanikwa juani, maana mbao zinazovimba na kukauka ghafla hupasuka.

Inabaki kuchagua chuma. Opinel huuza Namba 8 kwa aina mbili: ya chuma cha kaboni, na ile yenye neno INOX kwenye bapa, ambayo ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Cha kaboni hunoleka upesi na wapenzi wake ni wengi, lakini ukikitumia kwenye ndimu, ukwaju au embe bichi, bapa hubadilika rangi mara moja na kuwa la kijivu, na likiachwa na unyevu usiku mmoja linaweza kuamka na madoa ya kutu. Anayeishi bara penye hewa kavu na aliye tayari kukifuta kila baada ya matumizi atafurahia cha kaboni. Kwa Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, ambako chumvi haipumziki, nashauri bila kusita kununua cha INOX, na kukumbuka kwamba hata chuma hicho huweza kutoboka vitundu vidogo kwenye kiungo ikiwa maji ya bahari yataachwa humo. Baada ya kutumika ufukweni, kisuuzwe bapa kwa maji yasiyo na chumvi, kifutwe, na kiachwe wazi kivulini mpaka mfereji ukauke. Pete yenyewe haihitaji kutolewa kila mara. Ikianza kuwa nzito kidoleni, wakati wa kuitoa umefika.