Filamu ya Historia kwa Kiswahili katika Banda la Video la Chikongola, Mtwara

Banda hili limezoeleka kwa mpira wa Ulaya na filamu za mapigano, lakini Jumapili mchana huonyesha filamu za historia, huku msimulizi akizitafsiri papo hapo kwa kipaza sauti kilichozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Niliyoitazama ilimhusu François Ravaillac, aliyemuua Mfalme Henri IV wa Ufaransa tarehe 14 Mei 1610. Kiingilio ni shilingi 1,000, na kwa huduma hii si ghali.

Umahiri wa msimulizi ulidhihirika tulipofika mtaa wa Ferronnerie, jijini Paris. Alisimamisha picha, akatuonyesha jinsi mikokoteni miwili, mmoja wa mvinyo na mwingine wa majani makavu, ilivyoziba njia nyembamba hata gari la farasi la mfalme likakwama, ndipo Ravaillac akakanyaga gurudumu, akajiinua na kumchoma mfalme kisu. Chanzo nacho alikieleza vizuri: Henri alikuwa Mprotestanti, akaingia Ukatoliki mwaka 1593, na mwaka 1598 akawapa Waprotestanti haki ya kuabudu kwa Amri ya Nantes; Ravaillac, Mkatoliki mwenye kudai kuona maono, aliamini kwamba mfalme huyo anajiandaa kumpiga vita Papa.

Kasoro ni kwamba msimulizi alirudia mara nyingi kuwa muuaji alitumwa na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki. Tetesi hizo zilikuwepo tangu wakati ule na si vibaya kuzitaja, ila zitajwe kama tetesi, kwa kuwa Ravaillac alishikilia hata chini ya mateso kwamba hakutumwa na mtu, na Wajesuiti wenyewe walikuwa wamemkataa alipotaka kujiunga nao. Katika banda ambamo Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali hubanana kwenye benchi moja, kulitwika kundi zima la dini damu ya mtu mmoja ni uzembe, hata kama kunanogesha hadithi.

Adhabu ya Ravaillac, ya kuraruliwa na farasi wanne tarehe 27 Mei, ilionyeshwa bila tahadhari yoyote ilhali benchi la mbele lilijaa watoto. Mwenye banda anapaswa kutangaza mapema filamu inawafaa watu wa umri gani. Anayekwenda akae katikati, kwani spika ya kushoto inakoroma na upande wa nyuma jenereta humeza nusu ya maneno.