Asali, mepo, dibsi au molasi: chupa gani ununue kabla ya Thanksgiving

Majani yakianza kupukutika huku Marekani na Canada, maduka yanajaa maboga, bata mzinga na viazi vitamu, afu ukifika kwenye shelfu ya vitu vitamu vya maji unakuta chupa kibao, zote za kahawia, zote zimechorwa nyuki au mti, na bei zinapishana vibaya mno. Wacanada wanakula Thanksgiving yao, yaani sikukuu ya shukrani, Jumatatu ya pili ya Oktoba, Wamarekani Alhamisi ya nne ya Novemba, so bado muda wa kuzunguka maduka upo. Nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: ukiwa na hela ya chupa moja, ipi itapika vyakula vingi vya siku ile bila kukuharibia kitu.

Namba moja: shira ya mepo, ila ile nyeusi

Hii (kwenye chupa wanaiandika Maple Syrup) inatokana na maji ya mti wa mepo, wanayagema baridi ikielekea kuisha halafu wanayachemsha weee mpaka galoni kama 40 zibaki galoni moja, kwa hiyo bei yake usiishangae. Nyingi inatoka Quebec, na kwa upande wa Marekani wakubwa wake ni Vermont.

Hapa kwenye lebo ndo watu wanapigwa. Zamani ile nyeusi ilikuwa inaitwa Grade B, wengi wakadhani ni makapi, ila Marekani walibadilisha madaraja 2015 na sasa zote za dukani ni Grade A, tofauti ni rangi na ukali: Golden, Amber, Dark, Very Dark. Golden ni ya kumwagia chapati za maji asubuhi, ukiipeleka kwenye pai ya boga yenye karafuu, kungumanga, mdalasini na tangawizi huisikii kabisa, umetupa hela. Chukua Dark. Na geuza chupa usome nyuma: viambato viwe kimoja tu. Zile za bei chee zilizoandikwa Pancake Syrup ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu, mti haujahusika hata kidogo.

Kazi yake utaiona kwenye viazi vitamu. Nunua vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa (wao mara nyingi wanaviandika Yams, usichanganyikiwe, ni viazi vitamu), kata vipande vinene, weka siagi, chumvi kidogo, mdalasini na shira kama robo kikombe kwa kilo moja, tia oveni ya 400°F. Mara ya kwanza funika na foili viive, baadae funua, kila dakika kumi chota ile rojo chini uimwagie juu. Ikianza kutoa mapovu makubwa mazito na kingo za viazi zimeshika weusi kidogo, toa hapo hapo, ukisubiri kidogo tu inakuwa chungu.

Kwenye pai, badala ya kikombe kimoja cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha shira, na punguza maziwa kwa vijiko vikubwa vitatu hivi la sivyo katikati haishiki. Boga la kopo liwe boga tupu, maana kuna kopo jingine linalofanana nalo ambalo tayari lina sukari na viungo. Shira ukishafungua weka friji, inaota ukungu.

Namba mbili: asali

Kwa mkate na keki mimi ningeiweka ya kwanza kabisa, inafanya keki ibaki laini siku kadhaa, ndo maana Wayahudi wakisherehekea mwaka wao mpya Septemba au Oktoba wana keki yao maalumu ya asali. Shida yake ni moto. Inaungua haraka kuliko sukari, kwa hiyo punguza oveni nyuzi 25 za Fahrenheit, tia robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, na kwenye bata mzinga ipake nusu saa ya mwisho tu, ukiipaka tangu mwanzo ngozi itakuwa mkaa na ndani bado mbichi. Kikombe cha kupimia kipake mafuta kwanza, itateleza yote.

Ya kununua ni ile ya bei ya kawaida ya maua ya klova. Kama kuna mtu amekuletea asali ya Tabora tafadhali usiipeleke oveni bana, ile harufu yote itapotea, ilambe na mkate. Ikiganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ile iliyookwa kwenye keki.

Namba tatu: dibsi ya tende

Hii ni shira nzito nyeusi ya tende, waliokaa Oman na Ghuba hawahitaji kuelezwa. Inauzwa duka la Waarabu, chagua ambayo kiambato ni tende peke yake, zingine wanachanganya sukari. Kwenye karoti za kuoka na bizari nyembamba na ndimu kidogo hakuna inayoikaribia, hata mepo. Imeshuka namba tatu kwa sababu inatia weusi kila kitu, pai yako ya boga itatoka kama ya chokoleti na wageni wataiangalia mara mbili.

Namba nne: molasi

Ndio, ile ile inayopewa ng'ombe nyumbani, hii tu imesafishwa kwa ajili ya binadamu. Chupa ndogo inatosha, kwa keki ya tangawizi na kijiko kimoja kwenye maharage ya kuoka. Ukiona Blackstrap, ile molasi nyeusi kabisa, iache, ni chungu.

Ya mwisho: agave

Hii ni shira ya mmea wa agave, unaofanana na mkonge. Tamu sana, nyepesi, na haina ladha ya kitu chochote. Inauzwa kama ya wenye kisukari kwa vile haipandishi sukari kwenye damu haraka, ila ni sukari tu kama hizi zingine, mzee wako mwenye kisukari apimiwe hiyo hiyo kidogo.

Kuna pai ya pekani, ile ya karanga zao ndefu, kiasili inapikwa na shira ya mahindi. Mepo inaweza kuchukua nafasi yake, ila inatoka majimaji, ongeza kijiko kikubwa cha unga wa ngano kwenye mchanganyiko na uioke Jumatano usiku ilale imepoa, ukiikata ya moto utaila na kijiko.